Neno Moja na Kiti cha Balozi



Katika vikao vyetu vya mazungumzo, hasa upande wa Uvira na Fizi, kuna swali moja ambalo hurudi kila mara. Tunapofika kwenye Ripoti ya Mapping, ile iliyotolewa na Umoja wa Mataifa tarehe 1 Oktoba 2010 kuhusu visa 617 vya mauaji na ukatili nchini mwetu kati ya mwaka 1993 na 2003, mtu husimama na kuuliza: kama wakubwa wa dunia wanajua yaliyotupata, kwa nini mabalozi wao hawayaiti kwa jina? Mama mmoja aliuliza kwa ukali zaidi: "Wanaogopa nini? Neno linauma?"

Mara ya kwanza tulijibu vibaya. Tulieleza vifungu vya sheria mpaka watu wakaanza kuangalia saa. Tangu hapo tumeona afadhali kujibu kwa kisa cha watu walio mbali nasi, ambacho hakuna mtu katika kikao atakayejiona anashitakiwa ndani yake. Ni kisa cha Waarmenia, na cha kiti cha balozi wa Marekani mjini Yerevan, ambacho kilikaa bila mwenyewe karibu miaka miwili kwa ajili ya neno moja.

Yaliyotokea mwaka 1915

Waarmenia ni taifa la Wakristo wa zamani sana, na wengi wao waliishi ndani ya Milki ya Ottoman, ambayo baadaye ilizaa nchi ya Uturuki. Tarehe 24 Aprili 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya milki hiyo ilianza kuwakamata viongozi na wasomi wa Kiarmenia mjini Istanbul. Baada ya hapo wanaume wengi waliuawa, na wanawake, watoto na wazee walifukuzwa kwa miguu kuelekea jangwa la Syria, mahali panapoitwa Deir ez-Zor. Wengi walikufa njiani kwa njaa, kiu, magonjwa na mauaji. Wanahistoria wengi wanahesabu waliokufa kuwa zaidi ya laki sita, na hesabu inayotajwa mara nyingi hufika milioni moja na nusu.

Balozi wa Marekani wakati huo, Henry Morgenthau, hakufunga mdomo. Mwezi wa Julai 1915 alituma simu Washington kueleza kwamba kazi ya kuangamiza jamii nzima ilikuwa inaendelea. Neno tunalolitumia leo lilikuwa halijazaliwa. Lilitungwa mwaka 1944 na mwanasheria Myahudi wa Poland, Raphael Lemkin, na mwaka 1948 likaingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kwa Kiswahili twasema mauaji ya kimbari, ni kusema vitendo vinavyofanywa kwa nia ya kuangamiza, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kundi la taifa, kabila, rangi au dini. Tuweke alama kwenye neno nia, kwa sababu ugomvi wote uko hapo. Uturuki haikatai kwamba Waarmenia wengi walikufa. Inachokataa ni kwamba kulikuwa na nia ya kuwamaliza. Yenyewe yasema ilikuwa vita, na kwamba Waislamu wengi walikufa pia.

Balozi aliyesema, na balozi aliyekataliwa

Sasa twende mwaka 2005. Balozi wa Marekani nchini Armenia alikuwa John Evans, mwanadiplomasia wa kazi, mtu wa miaka mingi serikalini. Mwezi wa Februari alitembelea jamii za Waarmenia huko California, na mbele yao akasema wazi kwamba yaliyotokea mwaka 1915 yalikuwa mauaji ya kimbari. Msomaji wetu atasema: kuna ajabu gani? Ajabu ni kwamba serikali iliyomtuma ilikuwa haitumii neno hilo. Rais Reagan alilitaja katika tangazo moja la mwaka 1981, lakini waliomfuata walizunguka pembeni: msiba, mauaji ya watu wengi, maafa makubwa, kila kitu isipokuwa neno lenyewe. Evans alilazimika kutoa maelezo kwamba alisema kwa nafsi yake na kwamba msimamo wa serikali haujabadilika. Chama cha wanadiplomasia wa Marekani kilikuwa kimeamua kumpa tuzo ya ujasiri wa kutoa mawazo tofauti, kisha kikaiondoa. Mwaka 2006 akaondolewa Yerevan kabla ya muda wa kawaida. Serikali haikusema kwamba ni kwa sababu ya neno. Ilijibu tu kwamba mabalozi hutumika kwa hiari ya Rais.

Hapa tusimame kidogo, maana utaratibu wa Marekani si kama wetu. Kwetu Kongo, kwa kifungu cha 81 cha Katiba ya 2006, Rais wa Jamhuri huwateua mabalozi kwa pendekezo la Serikali, baada ya kujadiliwa katika Baraza la Mawaziri. Bunge halimhoji mtu. Marekani Rais hupendekeza jina, lakini Seneti lazima ikubali. Kamati ya Mambo ya Nje humwita mhusika, humketisha, humuuliza maswali hadharani, na tena humpa mengine ya kujibu kwa maandishi. Na kuna desturi ambayo iliwashangaza sana wazee wetu wa kikao: seneta mmoja tu, peke yake, anaweza kulishika jina na kuchelewesha kura kwa miezi mingi.

Ndivyo ilivyotokea. Rais Bush alimpendekeza Richard Hoagland, aliyekuwa balozi Tajikistan. Katika kuhojiwa mwezi wa Juni 2006, aliulizwa kwa njia nyingi kama mauaji ya mwaka 1915 ni ya kimbari, na kila mara alikwepa, kwa kuwa huo ndio uliokuwa msimamo wa waliomtuma. Seneta Robert Menendez wa New Jersey, jimbo lenye Waarmenia wengi, akalishika jina lake. Januari 2007 Rais akalileta tena. Menendez akalishika tena. Agosti 2007 Ikulu ikaliondoa kabisa.

Hebu mfikirie huyo Hoagland. Angetamka neno, angefukuzwa na bosi wake kama Evans. Alipolikwepa, akakataliwa na seneta. Hakuwa na jibu moja ambalo lingemfikisha Yerevan. (Hakukosa kazi: mwaka 2008 alikwenda kuwa balozi Kazakhstan.) Wala tusimfanye Menendez malaika. Katika jambo hili alisimamia kumbukumbu ya wahanga na pia kura za jimbo lake, na miaka mingi baadaye, mwaka 2024, mahakama ilimkuta na hatia ya rushwa katika mambo mengine kabisa.

Mwanya ulipatikana mwaka 2008. Marie Yovanovitch, aliyependekezwa baada ya Hoagland, naye hakulitamka neno. Ila katika majibu yake alikubali waziwazi matendo yenyewe: mauaji, kufukuzwa kwa nguvu, na idadi ya hadi watu milioni moja na nusu. Seneti ikampitisha mwezi wa Agosti. Sisi tunaofanya kazi ya upatanishi tunalijua jambo hili vizuri. Mara nyingi pande mbili hazikubaliani juu ya jina la kosa, lakini zikikubali kwamba fulani alichomewa nyumba na fulani alimzika mtoto, kikao kinaweza kuendelea.

Kwa nini woga huo wote?

Uturuki imo katika NATO tangu mwaka 1952, na kambi ya ndege ya Incirlik iko katika ardhi yake. Wakati wa vita vya Irak, serikali ya Marekani ilisema kwamba karibu asilimia 70 ya mizigo yake ya ndege ya kwenda huko ilipitia Uturuki. Tarehe 10 Oktoba 2007 kamati moja ya Baraza la Wawakilishi ilipiga kura 27 kwa 21 kulitambua neno. Kesho yake Uturuki ilimwita balozi wake nyumbani, na azimio halikufika mbele ya Baraza zima. Uswidi nayo, Machi 2010, ililitambua kwa kura 131 dhidi ya 130. Kura moja tu! Balozi wa Uturuki akaondoka Stockholm kwa muda. Ikawa hivyohivyo kwa Vatican na Austria mwaka 2015, na kwa Ujerumani mwaka 2016. Kumwita balozi nyumbani ni ishara tu. Mara nyingi hurudi baada ya wiki au miezi kadhaa. Lakini ishara hiyo hutosha kuwatisha wafanyabiashara na majenerali.

Kisha mwaka 2019 Uturuki ilipokea makombora ya Urusi, na mwezi wa Oktoba majeshi yake yaliingia kaskazini mashariki mwa Syria dhidi ya Wakurdi waliokuwa wenzake Marekani. Tarehe 29 Oktoba, mwezi uleule, Baraza la Wawakilishi lililitambua neno kwa kura 405 dhidi ya 11. Desemba Seneti ikafuata bila mtu kupinga. Tarehe 24 Aprili 2021 Rais Biden akalitamka. Uturuki ilimwita balozi wa Marekani mjini Ankara kulalamika.

Ushahidi wa mwaka 2007 na wa mwaka 2019 ulikuwa uleule. Barua za Morgenthau hazikuongezeka hata ukurasa. Kilichobadilika ni urafiki.

Ndiyo sababu tunawaambia watu wa vikao vyetu wasipime ukweli wa msiba wao kwa mdomo wa balozi. Balozi husema alichotumwa. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari yalipokuwa yanaendelea Rwanda, wasemaji wa serikali ya Marekani walizungushazungusha maneno, kwa sababu Mkataba wa 1948 unazidai nchi kuzuia, na wao hawakutaka kudaiwa. Na Ripoti ya Mapping ilipovuja Agosti 2010 ikiwa na neno hilo ndani yake, Rwanda ilitishia kuondoa askari wake wa kulinda amani huko Darfur. Ripoti ilipotoka rasmi, neno lilibaki, lakini limezungukwa na tahadhari nyingi zaidi: kwamba mahakama yenye uwezo ndiyo itakayoamua.

Tunasema pia upande wa pili, hata kama haupendezi. Kutambuliwa si hukumu. Tamko la mwaka 2021 halikumfikisha mtu mahakamani wala halikumrudishia Mwarmenia shamba la babu yake. Wako kati yetu wanaofikiri kwamba siku balozi fulani atakapotamka neno, fidia itaanza kugawanywa. Tumelazimika kuwavunja moyo, na wengine walituchukia kwa hilo.

Katika kikao cha mwisho, mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi aliinua mkono. Hakuuliza habari za Uturuki wala za Seneti. Aliuliza kama yule Evans, baada ya serikali yake kusema neno lilelile, alirudishiwa kazi yake. Hapana, mzee. Alistaafu. Mwaka 2016 alitoa kitabu kuhusu jambo hilo, na ilipofika mwaka 2021 alikuwa raia wa kawaida tu.