Furahiday Inaanzia Kwa Nganya

Furahiday ikifika, mbogi inauliza swali moja tu: form ni gani? Wengi hudhani lazima iwe klabu, mzinga kwa meza na ganji ya kuringa. Zii, manze. Hapa Nai, sherehe inaanzia kwa nganya.

Enda steji ya Rongai pale Railways giza ikiingia. Usidandie mat ya kwanza. Ngoja ile mnaijua na mdundo kabla hata ikate kona. Ndani taa ni za bluu na zambarau, skrini zinachapa video, besi inakugonga kifuani. Makanga ananing'inia mlangoni na mkono mmoja, anagonga bodi mara mbili, dere anang'oa. Wasee hata hamjuani, na mnaimba korasi moja. Umelipa fare tu na usiku ishabamba.

Hii raha vijana waliingojea. Sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi enzi hizo, za 2004 zilileta laini ya njano kwa mat, mikanda na hesabu ya abiria. Mikanda ni poa, inaokoa maisha. Lakini michoro kwa mat ilikuwa inatupa karao kwa shingo ya dere, hadi 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore mat zao. Wachoraji wa mtaa wakapata kazi, na nganya zikarudi na rangi zote. Gengetone ilipolipuka, "Lamba Lolo" ya Ethic 2018, "Wamlambez" ya Sailors 2019, ngoma ilikuwa inakupata kwa siti ya nyuma ukienda zako.

Mkishuka, pitieni kwa msee wa mutura. Anakata vipande kwa ubao, chumvi na pilipili kando, kachumbari juu. Mnakula mkiwa mmesimama, moshi ukiingia nguo, kila mtu na mbao ama finje yake. Hapo ndo stori tamu hutoka, juu hakuna mtu anaangalia bili.

Sasa skizeni. Fare ya kurudi itengwe mapema, isiguswe. Mmetoka pamoja, rudini pamoja. Dem wa mbogi asiachwe steji solo, na chali ameshalewa asipewe funguo za nduthi hata akililia. Kila msee akifika keja, atume "nimefika" kwa grupu. Ka kuna mmoja hajatuma, mpigieni simu, sherehe bado haijaisha.