Usiilaumu Fimbo, Tazama Ngozi

Mwangalie mchezaji mzoefu anapoingia kwenye kijiwe cha pool pale Sinza, Manzese au Tandika, Dar es Salaam. Akikabidhiwa fimbo hachezi papo hapo. Anailaza mezani na kuivingirisha kwa kiganja aone kama imepinda, kisha anafumba jicho moja na kuichungulia kutoka kitakoni hadi nchani kama seremala anayekagua ubao. Akiridhika anachukua chaki, anasugua mara mbili tatu, anainama. Ngozi yenyewe, kile kipande kidogo ambacho ndicho pekee kitakachougusa mpira mweupe, hakuitazama. Baada ya mipigo michache fimbo inateleza, mweupe unakwenda usikotumwa, na lawama zote zinauangukia mti.

Nimekaa kwenye vijiwe vya kutosha kuamini kwamba nyingi kati ya fimbo zinazoitwa mbovu hazina kosa lolote kwenye mti. Ubovu uko kwenye ngozi. Imebapa, imeng'aa kwa kupigwa bila kukwaruzwa, imevimba na kutokeza pembeni, au imekwisha kabisa na mtu anapigia kipete, ile pete ya shaba iliyo chini ya ngozi. Na wale wachache wanaojali ngozi nao huanza na swali ambalo lilipaswa kuja mwisho: ninunue ngumu au laini?

Fimbo haikuzaliwa na ngozi. Biliadi, mzazi wa pool na snuka, ilichezwa kwa muda mrefu kwa kirungu chenye kichwa kipana cha kusukumia mpira. Mpira ulipokaa karibu mno na ukingo wa meza, mchezaji aligeuza kirungu na kutumia mkia wake mwembamba, na mkia huo ndio uliokuja kuwa fimbo. Ulikuwa mti mtupu. Mti mtupu ukigonga mpira nje kidogo ya kitovu chake huteleza, kwa hiyo watu walipiga katikati, mpira ukaenda mbele, mchezo ukaishia hapo.

Anayetajwa kuigeuza hali hiyo ni François Mingaud, kapteni wa jeshi la Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1771. Alitiwa gerezani kwa sababu za kisiasa, gereza lilikuwa na meza ya biliadi, na huko, kwa mujibu wa masimulizi, ndiko alikoikamilisha fimbo yenye ngozi, mwaka 1807. Hadithi hii imetiwa chumvi nyingi. Wapo wanaosema aliomba aongezewe kifungo ili amalize kujifunza mchezo, na wapo wanaomfunga Bastille, ngome iliyovamiwa na wananchi wa Paris mwaka 1789 na kubomolewa, wakati Mingaud akiwa kijana wa miaka 18. Hesabu ya miaka haikubali. Lakini kitabu chake cha mapigo kipo: alikichapisha Paris mwaka 1827, kikionyesha jinsi mweupe unavyoweza kugonga mwenzake kisha ukarudi nyuma, au ukapinda njia kana kwamba umeitwa. Miaka minane baadaye mwanahisabati Gaspard-Gustave Coriolis, yule ambaye wanafunzi wa jiografia hukutana na jina lake kwenye somo la pepo, alitoa kitabu kizima cha hesabu za mipira hiyo. Kwa mti mtupu Coriolis asingekuwa na mengi ya kuhesabu.

Chaki nayo ina ukoo wake. Mwaka 1897, Wamarekani William Spinks, mchezaji wa biliadi, na William Hoskins, mkemia wa Chicago, walipata hataza ya kipande cha chaki kilichotengenezwa kwa silika na chembe ngumu za kukwaruza. Chokaa ya ubaoni haimo. Kazi ya chaki ni kuipa ngozi meno ya kuung'ata mpira, na ngozi isiyoishika chaki haina faida hata ingekuwa imeletwa na ndege kutoka Japani.

Sasa turudi kwenye ubishi wa vijiweni, ngumu au laini. Inaaminika kwamba ngozi laini huukumbatia mpira kwa muda mrefu zaidi, na hivyo huuzungusha zaidi. Kwamba anayetaka kurudisha mweupe lazima awe na ngozi laini. Nusu ya kwanza ni kweli. Ngozi na mpira hugusana kwa kiasi cha sehemu moja hadi mbili za elfu ya sekunde, na laini hukaa karibu na mbili. Nusu ya pili ndiyo inayopotosha. David Alciatore, profesa mstaafu wa uhandisi wa mitambo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado huko Marekani, ameuchunguza mchezo huu kwa miaka mingi akitumia kamera za kasi kubwa. Ameonyesha kwamba kinachouzungusha mpira ni umbali wa pale unapogusa kutoka kitovuni, pamoja na kasi ya fimbo. Ulaini wenyewe hauongezi kitu. Ngozi ngumu yenye chaki ya kutosha itaurudisha mweupe sawasawa na laini, tena kwa jasho pungufu, maana laini hubonyea na kumeza sehemu ya nguvu yako.

Mpaka wa umbali huo unapimika. Ukiugusa mpira mbali na kitovu zaidi ya nusu ya nusukipenyo chake, fimbo itateleza, uwe bingwa au mgeni. Mpira wa inchi mbili, wa zile meza ndogo za mtindo wa Kiingereza zinazotumia sarafu, una nusukipenyo cha milimita 25.4. Kwa hiyo una karibu milimita 13 za kuchezea kila upande wa kitovu, basi. Hapo ndipo umbo la ngozi linapoushinda ugumu wake. Ngozi yenye mgongo wa mviringo hugusa mpira kwa uso wake uliopakwa chaki hata ukiielekeza pembeni. Ngozi iliyobapa hugusa kwa makali ya ukingo, mahali ambapo chaki haikufika, na mtelezo unakuja kabla hujaufikia mpaka wenyewe. Mviringo unaopendwa ni ule wa sarafu yenye kipenyo cha milimita 18 hadi 21. Wamarekani hupimia sarafu zao za senti kumi na senti tano. Wewe chukua sarafu yoyote ya ukubwa huo, isimamishe nyuma ya ncha dhidi ya mwanga, linganisha migongo miwili.

Upana ni suala jepesi, ingawa madukani ndiko watu wanakopoteza fedha. Pool ya Kimarekani, yenye mipira ya milimita 57.15, hutumia ncha za milimita 12 na 13. Snuka hutumia 9 hadi 10. Meza zetu ndogo zinataka 8 hadi 9 na ushei. Kanuni za vifaa za shirikisho la pool la dunia, WPA, zinaruhusu mwisho wa milimita 14, na zinataka ncha iwe ya ngozi iliyoandaliwa au kitu kingine chenye nyuzi au kinachonyumbulika. Nunua ngozi inayozidi mti wako kidogo, kwa sababu utaipunguza pembeni. Kununua ya 13 kwa fimbo ya 9 eti utachonga ni kulipia takataka.

Kuna ngozi za namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kipande kimoja, iliyokatwa na kugandamizwa. Kampuni ya Tweeten ya Chicago imejijengea jina kwa hizi: Elk Master ya rangi ya samawati, iliyo laini na iliyotawala ncha za snuka kwa miaka mingi, kisha Le Pro na Triangle zilizo ngumu kuizidi. Kule Marekani moja huuzwa kwa takriban dola moja. Ya pili ni ya matabaka, vijingozi vyembamba kadhaa vilivyogundishwa kimoja juu ya kingine. Wajapani ndio waliozifanya fasheni, kwa Moori katika miaka ya 1990 na baadaye Kamui, na bei yake inaweza kupita dola 20. Sifa yake ni kutobadilika: iliyoitwa ya kati ikiwa mpya itabaki karibu na hapo mpaka iishe, wakati ya kipande kimoja hukazika kadiri inavyopigwa.

Jambo moja wauzaji hawalisemi, na kwa wasomaji wengi wa Unguja, Tanga na Mombasa lina uzito kuliko matabaka na bei: Moori na Kamui ni ngozi ya nguruwe. Asiyependa kuishika kila siku na kuitia chaki ana sababu ya kutosha ya kubaki na ng'ombe, na mchezo wake hautapungua kitu.

Wamarekani wanayo hila ya kuipa Elk Master ya dola moja tabia ya ghali. Huilowesha kwenye maziwa usiku kucha, huibana kwenye jiliwa mpaka ikauke, nayo hutoka imesinyaa, imekaza, haivimbi pembeni. Kwa nini maziwa na si maji, nimesikia maelezo mengi yanayopingana. Hila yenyewe inafanya kazi, na anayeshinda nayo hajali.

Sasa ipi? Jibu linategemea fimbo ni ya nani. Fimbo ya kijiweni ni mali ya wote. Mshindi anabaki, aliyefungwa analipa na kumpisha mwingine, na katika usiku mmoja ncha ileile inapita mikononi mwa dereva wa bodaboda anayepasua pembetatu kwa hasira, mwanafunzi anayejaribu kurusha mpira kwa mara ya kwanza, na mzee asiyewahi kupaka chaki tangu ajue pool. Kuibandika ngozi ya dola 20 hapo ni sadaka isiyo na thawabu. Mwenye meza anunue kipande kimoja, ngumu au ya kati, kwa wingi, na fedha inayobaki anunue chaki nzuri na msasa wa kufungwa kwa kamba mezani. Zile ncha za kufungwa kwa skrubu, zenye kipete cha shaba, zinamvutia kwa sababu hata mhudumu wa baa anaweza kuzibadili, lakini hulegea, na iliyolegea inapiga kelele na kuchukua nguvu ya mpigo. Akizitumia azikaze kila asubuhi. Za plastiki za kuvalisha juu ya mti kama kofia azikatae kabisa.

Mwenye fimbo yake ndani ya mfuko ana uhuru mwingine. Anayecheza taratibu, wa kuweka mweupe mahali pake mpigo kwa mpigo, mara nyingi hufurahia laini au ya kati, kwa sababu mkono unapata muda wa kuusikia mpira na mlio wake ni wa chini. Anayependa kupiga kwa nguvu atafute ngumu. Haya ni mambo ya sikio na kiganja, na mtu asione haya kuchagua kwa sababu hiyo. Mkono unaoiamini fimbo yake hunyooka. Mimi naelekea kwenye ya kati, kwa uvivu tu: laini inataka kutunzwa kila wiki, na ngumu inang'aa upesi usipoikwaruza.

Kuibandika ndiko kunakoharibu ngozi nzuri. Ondoa ya zamani kwa wembe, ukikata polepole kuelekea upande usio na kidole. Safisha uso wa kipete mpaka gundi yote ya zamani iishe, kwa sababu gundi kavu ikibaki chini ngozi itakaa upande na kuruka siku ya fainali. Laza msasa juu ya kioo, sugua tumbo la ngozi mpya mpaka liwe bapa kabisa. Tone moja la supaglu linatosha. Mawili yanapanda ndani ya ngozi na kuifanya jiwe. Bana, subiri, kisha igeuze fimbo kichwa chini juu ya ubao na ukate ziada kwa wembe mkali ukifuata ukuta wa kipete. Malizia pembeni kwa msasa laini, lowesha kidogo kwa mate, sugua kwa kipande cha karatasi nene mpaka ukuta ung'ae. Kung'aa kwa pembeni kunazuia kuvimba. Kung'aa kwa juu ndiko adui, kwa hiyo juu chonga mviringo wako, kisha kwaruza.

Ikibaki nene kama sarafu mbili zilizobebana, anza kuifikiria nyingine. Ikifika unene wa moja, ibadili, maana chini yake kuna kipete na mpigo mkali utakipasua.

Dukani nako usipokee ya kwanza unayopewa. Ngozi za kipande kimoja zinazotoka boksi moja hazifanani. Mnyama ni mmoja lakini mgongo na tumbo lake si kitu kimoja. Zibonyeze kwa kucha, tupa zinazoacha alama kwa urahisi. Kisha ziangushe moja moja juu ya kioo cha kaunta na usikilize. Iliyokaza inalia juu na kuruka, iliyolegea inadunda bila sauti. Ukipata mbili zinazolia sawasawa nunua zote mbili, moja uibandike leo, nyingine iweke kwenye mfuko wa fimbo pamoja na wembe na tone la gundi.