Shilingi moja ya waziri

Kila mwaka kati ya Aprili na Juni, kule bungeni Dodoma, mshahara wa waziri huwa hatarini kupungua kwa shilingi moja. Kamati ya Matumizi ikifika kwenye kifungu cha mshahara huo, mbunge ambaye hajaridhika na maelezo husimama na kutangaza kwamba anashika shilingi. Wanaomuunga mkono nao husimama, mjadala hufunguliwa, na waziri hujibu upya, safari hii kwa sauti iliyoshuka kidogo. Mara nyingi mbunge husema amemwelewa waziri, kwa hiyo anarudisha shilingi. Bajeti inapita.

Mzee mmoja ninayekunywa naye kahawa pale Majengo, Songea, aliniuliza: "Mwalimu, hiyo shilingi huwa inakwenda wapi?" Alikuwa ametoka kuangalia, kwenye simu ya mjukuu wake, seneta mmoja wa upinzani wa Kenya akimbana waziri mpaka waziri akaomba maji. Ndipo akaongeza swali la pili: "Na sisi mbona hatuna seneta?"

Nilianza na la pili. Wenzetu wa Kenya wana mabunge mawili. Seneti yao ilianza na uhuru mwaka 1963, ikafutwa 1966, ikarudishwa na Katiba ya 2010. Ina maseneta 67, na 47 kati yao wamechaguliwa na kaunti, mmoja kwa kila kaunti. Kazi yao kubwa ni kulinda kaunti na fedha zake, na ndio walioamua kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua Oktoba 2024. Sisi hatuna kaunti zenye serikali zake, tuna mikoa na halmashauri, na Bunge letu ni moja. (Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi, lakini hilo ni kwa mambo ya Zanzibar.) Ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge hilo moja kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kwa hiyo kile ambacho seneta wa upinzani anakifanya Nairobi, kwetu kinatakiwa kufanywa na mbunge wa upinzani, tena bila kelele za kaunti nyuma yake.

Anakifanyaje? Watu hudhani ni kwa kusema sana. Mimi ambaye kazi yangu ni kusoma kumbukumbu za Bunge naona vingine.

Chukua kipindi cha maswali. Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, na jibu huandaliwa na maofisa wa wizara. Naibu waziri hulisoma tu. Tunayajua majibu hayo kwa moyo: mchakato unaendelea, kadri fedha zitakapopatikana, upembuzi yakinifu umekamilika. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, ambayo ingepita hapa Songea na kuchepuka kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, imeishi ndani ya sentensi za namna hiyo kwa miaka. Kisichoandaliwa ni jibu la swali la nyongeza. Hapo ndipo mbunge aliyekuja na karatasi mkononi humkuta waziri bila karatasi. Wabunge wa chama tawala nao huuliza, wengine vizuri sana, ila wengi hutumia nusu ya muda wao kushukuru.

Karatasi hiyo hutoka wapi? Kwa sehemu kubwa hutoka kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG. Ripoti yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwekwa mezani bungeni. Baada ya hapo huenda kwenye kamati, na kwa utaratibu uliojengeka tangu enzi za Spika Samuel Sitta, kamati zinazokagua hesabu za Serikali na za halmashauri huongozwa na mbunge wa upinzani. Afisa masuuli huketi mbele ya kamati akiwa na mafaili, anasomewa hoja moja moja: hii imefungwa, hii haijafungwa, kwa nini? Hakuna makofi mle ndani. Kwa maoni yangu kazi ya upinzani iliyowahi kuuma zaidi nchini ilifanyika kwenye chumba cha namna hiyo.

Nina maana ya Tegeta Escrow. Mwaka 2014 David Kafulila, wakati huo mbunge wa Kigoma Kusini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, alihoji bungeni kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizokuwa Benki Kuu katika akaunti iliyofunguliwa kwa sababu ya mgogoro wa TANESCO na kampuni ya umeme ya IPTL, na ambazo zilikuwa zimetolewa. Serikali ilishikilia kwamba hizo si fedha za umma. Kafulila na Mwanasheria Mkuu walirushiana maneno makali ambayo watu wanayakumbuka kuliko hoja yenyewe. Lakini hoja haikufa: CAG alikagua, TAKUKURU ikachunguza, na Novemba kamati ya hesabu za Serikali, PAC, chini ya Zitto Kabwe ikaleta taarifa yake bungeni. Makamu wake alikuwa Deo Filikunjombe wa Ludewa, jirani zetu hapo ng'ambo ya Madaba, na alikuwa CCM. Desemba Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu na Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri. Januari 2015 akafuata Profesa Sospeter Muhongo. Walikana kutenda kosa.

Sisi wa Songea tulikuwa na sababu ya kufuatilia. Mwaka 2014 mji huu ulikuwa bado haujaunganishwa na Gridi ya Taifa. Tuliishi kwa majenereta ya TANESCO yanayokunywa dizeli, na gridi ilitufikia 2018 kupitia Makambako.

Angalia lakini nani alifanya nini. Mpinzani aliibua, mkaguzi akathibitisha, na mtu wa CCM akakubali kusimama upande mmoja na mpinzani. Angekosekana mmojawapo, hoja ingebaki kuwa hotuba. Hata kashfa ya umeme ya Richmond, iliyomfanya Edward Lowassa ajiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008, ilichunguzwa na kamati iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe wa CCM. Kafulila mwenyewe baadaye alihamia CCM akawa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu. Siasa zetu ndivyo zilivyo.

Na kinga je? Ibara ya 100 inasema mbunge hawezi kushtakiwa mahakamani kwa alichokisema bungeni. Haisemi kwamba Bunge lenyewe halitamwadhibu. Agosti 2007 Zitto alisimamishwa ubunge kwa muda kwa sababu ya hoja yake kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Miezi michache baadaye Rais Kikwete alimteua kwenye kamati ya kupitia sekta ya madini, na 2010 nchi ikapata sheria mpya ya madini.

Sasa hesabu. Kambi Rasmi ya Upinzani huhitaji asilimia 12.5 ya wabunge wote. Ikiwapo, kila waziri akimaliza hotuba ya bajeti husomwa na hotuba ya upande wa pili, na wizara hujiandaa ikijua hivyo. Tangu uchaguzi wa 2020, ambapo upinzani haukufikisha majimbo kumi kati ya 264, hotuba hiyo haipo. Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo hata kwenye karatasi ya kura. Kamati zipo, CAG yupo, kanuni zipo, shilingi bado inashikwa, mara nyingi na wabunge wa CCM wenyewe. Ila mtu mwenye faida ya kisiasa kwa kutoirudisha ndiye aliyepungua.

Kwa hiyo, mzee wangu, shilingi haiendi popote. Waziri hupokea mshahara wake kamili. Kinachobaki ni alichoahidi ili arudishiwe, na hicho kimeandikwa: Taarifa Rasmi za Majadiliano zipo kwenye tovuti ya Bunge, bure, kwa Kiswahili. Mwambie mjukuu wako atafute humo neno Songea, anakili jibu la waziri pamoja na tarehe yake, uende nalo kwenye mkutano wa mbunge wetu akija.