Mkanda wa Mbwa wa Ulinzi: Usinunue kwa Macho

Wengi wetu tunaotoka Kasulu na Kibondo tumekulia kwenye nyumba zenye mbwa. Analinda mbuzi, anafukuza nyani kwenye mahindi, na usiku anabweka mtu akipita. Ila mwangalie shingoni: mara kamba ya katani, mara waya, mara mnyororo mzito. Likizo inakaribia, na najua wapo watakaoambiwa na wazee, "Ukija tuletee mkanda wa mbwa." Basi tuelewane kabla hujatoa hela.

Kwanza angalia upana. Mliosoma Fizikia mnakumbuka kwamba kanieneo ni kani gawanya kwa eneo. Mbwa akijirusha kwa nguvu ileile, mkanda wa sentimita 5 unamgandamiza mara tano pungufu kuliko kamba ya sentimita 1. Na shingoni ndipo lilipo bomba la hewa pamoja na mishipa mikubwa ya damu. Ndiyo maana mbwa anayefundishwa kukabili mwizi huvalishwa mkanda mpana, au mikanda ya kifuani inayohamishia mvuto kwenye mbavu na mabega.

Pili, kitu ulichotengenezwa nacho. Ngozi ni imara, lakini kwa mvua zetu za masika inalowa, inakauka, inakakamaa na kupasuka isipopakwa mafuta. Nailoni inakauka haraka. Kagua mshono wake na pete ya chuma, maana hapo ndipo hukatikia. Ukishaufunga, vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Mbwa mdogo akague kila wiki, kwa sababu yeye anakua na mkanda haukui. Nimeona kamba iliyozama kwenye nyama hadi funza wakaingia.

Tatu, mnyororo wa kukaba. Huo ni kifaa cha mwalimu wa mbwa, tena akiwa ameushika mkononi. Ukimwacha nao mbwa peke yake, ukinasa kwenye mti anajinyonga. Vilevile, kifunga mdomo kiwe cha kikapu. Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama sisi, anahema; ukimbana mdomo juani unaweza kumuua.

Nne, mahali pa kumfunga. Badala ya kigingi, vuta waya imara kati ya miti miwili, upitishe pete, kisha mnyororo mwepesi ufungwe kwenye pete hiyo. Atakimbia huku na huko bila kujisokota. Mbwa anayefungwa fupi siku nzima haongezi ulinzi. Mara nyingi anaongeza hasira tu, na hasira hiyo haichagui mwizi na mtoto wa jirani.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mkanda ukikatika asubuhi, wanaopita njiani ni watoto wa shule. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo mkanda uende pamoja na chanjo. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Waya shingoni ni mateso, hata mwenye mbwa akisema ndivyo tulivyozoea. Wazee wetu wanasikia wakielezwa kwa heshima. Peleka mkanda, na maelezo yake uyapeleke pia.