Kwa nini nguvu za farasi 300 za Japani si 300 za Marekani

MAGARI mengi ya turbo yanayoonekana katika barabara za Kenya, hasa Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, yaliagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika. Baadhi yake hufika katika bandari ya Mombasa yakiwa tayari yameongezewa nguvu na mafundi wa huko.

Muuzaji hutaja idadi ya nguvu za farasi, naye mnunuzi hukata bei kwa kuitegemea idadi hiyo. Hata hivyo, idadi hiyo haina maana hadi ijulikane ni kipimo gani kilichotumiwa, nguvu zilipimwa sehemu gani ya gari, mahali gani na kwa petroli ya aina gani.

Tatizo hili huyakumba zaidi magari ya turbo kutokana na jinsi yanavyofanya kazi. Turbo hutumia moshi unaotoka katika injini kuzungusha feni inayosukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Fundi akiibadilisha programu ya kompyuta ya gari ili hewa isukumwe kwa shinikizo kubwa zaidi, injini ile ile hutoa nguvu nyingi zaidi bila kipuri kingine kuguswa.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kipimo chenyewe. Ujerumani na Japani hutumia PS, ambayo ni sawa na wati 735.5. Uingereza na Marekani hutumia hp, ambayo ni wati 745.7. Kwa hivyo PS 280 ni sawa na hp 276 pekee. Nchini Australia, wapenzi wa magari huzungumzia kilowati, na kilowati moja ni sawa na hp 1.34.

Tofauti ya PS na hp ni ndogo. Tofauti kubwa hutokana na sehemu ya gari inayopimwa. Viwanda hupima nguvu katika mhimili wa injini, kabla hazijapitia giaboksi na difu. Gereji nyingi hupandisha gari juu ya mashine yenye roli na kupima nguvu zinazofika kwenye magurudumu, ambazo huwa chache kwa sababu baadhi hupotea njiani.

Nchini Marekani na Australia, ni kawaida kutaja nguvu za magurudumu. Nchini Uingereza, gereji nyingi hukadiria nguvu zilizopotea na kuzijumlisha ili zipate nguvu za injini. Mara nyingi hukadiriwa kwamba asilimia 15 hivi hupotea, na zaidi ya hapo kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne. Haya ni makisio tu, na anayetaka kujisifu anaweza kuyaongeza apendavyo.

Chukua mfano wa magari manne ambayo wenyewe wote wanadai yana "300". La Japani lenye PS 300 katika injini lina hp 296. La Uingereza lina hp 300 katika injini. La Marekani lenye hp 300 kwenye magurudumu lina takriban hp 350 katika injini, iwapo asilimia 15 ilipotea. La Australia lenye kilowati 300 kwenye magurudumu lina hp 402 hapo hapo, na zaidi ya 470 katika injini. Idadi ni moja, lakini magari hayo hayafanani hata kidogo.

Takwimu za viwandani nazo zina historia yake. Kuanzia mwaka wa 1989 hadi 2004, watengenezaji wa magari wa Japani walikuwa na makubaliano ya hiari ya kutotangaza gari la kuuzwa nchini humo lenye zaidi ya PS 280. Honda Legend ya mwaka wa 2004 ndiyo iliyovunja mwiko huo kwa kutangazwa kuwa na PS 300.

Katika miaka hiyo yote, magari tofauti kabisa yalitangazwa kuwa na PS 280, ingawa baadhi, kama vile Nissan Skyline GT-R, yalijulikana kutoa zaidi. Fundi aliyebadilisha bomba la moshi pekee kisha akapata PS 320 angeweza kudai ameongeza 40, ilhali sehemu ya nguvu hizo ilikuwemo tangu gari lilipotoka kiwandani.

Marekani nayo ilirekebisha kanuni zake za upimaji kati ya miaka ya 2004 na 2005. Toyota Camry ya silinda sita, ambayo awali ilitangazwa kuwa na hp 210, ikashuka hadi 190 kwenye karatasi.

Lancer Evolution VIII ni mfano mzuri wa tofauti za nchi. Nchini Japani ilitangazwa kuwa na PS 280, nchini Marekani hp 271, na nchini Uingereza ikauzwa katika toleo la FQ-400 lenye hp 405. Zote zilitumia injini ya lita mbili. Toleo hilo la Uingereza lilikuwa limebadilishwa turbo na vipuri vingine, ilhali la Marekani lilibanwa na kanuni za moshi na petroli ya huko.

Petroli ndiyo inayoweza kumtia mnunuzi hasara kubwa. Kadiri okteni inavyokuwa juu, ndivyo petroli inavyostahimili shinikizo bila kulipuka kabla ya wakati wake. Nchini Japani, petroli ya daraja la juu kwa kawaida huuzwa ikiwa na okteni 100. Marekani hutumia hesabu tofauti, na 91 inayoandikwa kwenye pampu za California ni sawa na takriban 95 au 96 kwa hesabu ya Japani na Ulaya.

Gari lililorekebishwa kwa petroli ya okteni 100, kisha likatiliwa petroli hafifu, huanza kugonga ndani ya silinda. Kompyuta yake hujaribu kuliokoa kwa kupunguza nguvu. Isipofaulu, pistoni hutoboka au kuvunjika, na mwenye gari hulazimika kutafuta injini nyingine.

Kwa Mkenya, kuna jambo jingine: mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni chini ya lile la Mombasa kwa kati ya asilimia 18 na 20. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa karibu kiwango hicho. Yenye turbo hupoteza kidogo kwa kuwa feni yake huweza kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia upungufu huo.

Mashine za kupimia nguvu zina hesabu ya kusahihisha matokeo ili yalingane na hali ya usawa wa bahari. Hesabu hiyo ikitumiwa katika mji kama Nairobi, inaweza kuongeza zaidi ya asilimia 20, hata kwa gari la turbo ambalo halikupoteza kiasi hicho. Gari lililotoa hp 250 litaandikiwa zaidi ya 300. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1585 hakiruhusu marekebisho ya injini za petroli kuzidi asilimia saba.

Kwa hivyo, mnunuzi anayeambiwa gari lina nguvu za farasi kadhaa anapaswa kuomba karatasi ya vipimo. Karatasi hiyo ionyeshe kipimo kilichotumiwa, kama ni cha injini au cha magurudumu, na kama matokeo yalisahihishwa. Vipimo vya kabla na baada ya marekebisho vifanywe kwenye mashine ile ile, ikiwezekana siku ile ile, kwani nyongeza kati ya hivyo viwili ndiyo inayoaminika zaidi.

La mwisho, na pengine lililo muhimu kuliko yote, ni kuuliza petroli iliyotumiwa wakati wa marekebisho. Ikiwa petroli ya aina hiyo haipatikani anakoishi, mnunuzi afanye mpango wa kompyuta ya gari kurekebishwa upya kabla ya kuliendesha kwa kasi, hata kama idadi itakayoandikwa baadaye itakuwa ndogo kuliko ile aliyotajiwa.