Bei ya Kusubiri Digrii

Malimbe, jijini Mwanza, haina mgodi wala kiwanda cha samaki, lakini ina uchumi wake. Ukitoka stendi ya Nyegezi kuelekea Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, unakutana na steshenari, vibanda vya chipsi, mawakala wa fedha na bodaboda zinazongoja vipindi viishe. Nyamalango na Sweya watu wamejenga vyumba wakimhesabu mpangaji mmoja tu, mwanafunzi, naye huviita geto. Pesa inayowaendesha wote hawa ni bumu, yaani fedha za kujikimu zinazotoka Bodi ya Mikopo. Mwaka wa masomo 2022/23 kiwango kilipanda kutoka Sh8,500 kwa siku hadi Sh10,000. Mkupuo wa siku 60 ni Sh600,000. Bumu likichelewa, daftari la madeni la mamalishe ndilo linalokuwa benki.

Biashara hii ilianza kwa unyonge. Wamisionari wa Kanisa Katoliki walifungua kituo cha mafunzo ya jamii Nyegezi mwaka 1960, kikawa chuo kikuu 1998. Mwaka 2003 masomo ya udaktari yakaanza Bugando, kwenye chuo ambacho leo kinajulikana kama CUHAS. Baadaye zikaja kampasi za IFM, CBE, TIA na nyinginezo. Sasa Serikali nayo imeingia kwa kishindo: kupitia mradi wa HEET, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, kampasi mpya zinajengwa kuzunguka Ziwa Victoria, ikiwamo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Kagera, huku Butiama ikipata chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Bidhaa inaongezeka sokoni. Wazazi wanauliza mambo mawili: mbona ghali, na mbona inachukua muda mrefu hivi?

Kwenye ada jibu halina fumbo. Tangu 2016 sekondari ya Serikali haina ada hadi kidato cha nne, na 2022 msamaha ukafika kidato cha sita. Michango haikuisha, kila mzazi anajua, ila ada yenyewe ilifutwa. Kwa hiyo mzazi wa shule ya Serikali hukutana na ada ya kweli kwa mara ya kwanza mlangoni mwa chuo, na hukutana nayo pamoja na godoro, kodi ya chumba inayodaiwa miezi kadhaa mbele, na simu janja ambayo siku hizi ni kifaa cha darasani.

Kwenye muda ndiko kwenye hesabu isiyopigwa. Kufundisha kwenyewe hakuzidi kwa majirani. Mfumo wa Kenya wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikuwa na miaka 16 ya masomo hadi digrii. Wetu wa 7-4-2-3 nao ni 16. Mchukue mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2010 na hakurudia popote. Mtihani wa darasa la saba aliufanya Septemba 2016, kidato cha kwanza kikaanza Januari. Kidato cha nne alimaliza Novemba 2020, cha tano kikafunguliwa Julai 2021. Kidato cha sita alikiaga Mei 2023, chuo kikafunguliwa Oktoba au Novemba. Jumlisha mapengo hayo matatu: yanakaribia miezi 16. Ni zaidi ya mwaka mzima wa masomo, na hakuna bajeti ya wizara yoyote inayouonyesha, kwa sababu anayeulipia ni nyumba. Baadhi huenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, baada ya kidato cha sita. Wengine hurudi kubeba dagaa Kirumba Mwaloni au kuuza duka la shangazi, na huko baadhi hugundua kwamba shilingi ya leo ina ladha, wasirudi tena darasani.

Kusubiri si jambo geni ukanda huu. Novemba 1974 TANU ilipitisha Azimio la Musoma, hatua chache kutoka maji ya ziwa hilihili. Pamoja na mengine, liliamua kuwa aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja: aende JKT, kisha afanye kazi miaka isiyopungua miwili ndipo aombe. Sharti lile lililegezwa baada ya muda mfupi, na wapo waliolilalamikia sana. Lakini kijana yule alingoja akiwa na mshahara. Wa leo anangoja matokeo, uchaguzi, awamu ya kwanza ya udahili, ya pili, orodha ya mikopo, na halipwi hata nauli.

Fani nyingine zinarefuka mbele. Daktari wa Bugando husoma miaka mitano na mwaka mmoja wa utarajali, na sioni pa kupunguza hapo. Hakuna anayetaka kupasuliwa na aliyeharakishwa. Mwanasheria ni habari tofauti. Akimaliza digrii Mwanza lazima aende Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, na kuishi Dar es Salaam si bure. Mwaka 2022 matokeo ya taasisi hiyo yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu bila kurudia somo walikuwa 26. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Hapo mtu ameuziwa bidhaa mara mbili, na muuzaji wa kwanza harudishi chenji.

Kisha deni. Sheria inakata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika. Tuseme kijana anadaiwa Sh10 milioni na analipwa Sh800,000: makato ni Sh120,000 kwa mwezi, na deni litaisha baada ya miaka saba hivi. Hiyo ni baada ya nafuu, kwani tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, na tangazo lilitolewa na Rais Samia Suluhu Hassan hapahapa Mwanza, Mei Mosi, uwanja wa CCM Kirumba.

Hesabu hiyo inamhusu aliyepata kazi. Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu zaidi ya 135,000. Wakati huohuo daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 2025, na meli ya MV Mwanza vilikuwa vimehitaji kwa miaka mafundi wa kuchomelea na wafunga nondo. VETA Nyakato inawafundisha watu hao, na FETA Nyegezi inafundisha uvuvi na ufugaji wa samaki kwa muda mfupi kuliko digrii. Nisieleweke vibaya: mradi wa daraja huisha, na vizimba vya samaki vinadai mtaji ambao cheti hakitoi. Ila kijana wa fani hizi huingia sokoni mapema, na akikosea njia amepoteza kidogo.

Sera ya elimu iliyozinduliwa Januari 2025 inakata mwaka mmoja, lakini chini kabisa: msingi inakuwa miaka sita. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na 2028 wataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Kalenda ikibaki ilivyo, kundi hilo maradufu litabisha hodi vyuoni mwishoni mwa 2034. Wenye viwanja Sweya nadhani wameshaliona. Mapengo ya Novemba hadi Julai, na ya Mei hadi Oktoba, sera haikuyagusa, ingawa kuyafupisha hakuhitaji tofali hata moja. Kunahitaji wasahihishaji wa mitihani wengi zaidi, na ofisi za uchaguzi, udahili na mikopo zinazofanya kazi kwa ratiba moja.