Kitenzi "Zoea" na Tafsiri Zake: Mifano Kutoka Chaani, Mombasa

Mwanafunzi wa sekondari atakiwapo kuitia katika Kiingereza sentensi "nimezoea kuamka alfajiri", mara nyingi huandika "I am used to wake up at dawn", na mwalimu hulikata neno "wake" akaandika "waking" juu yake. Kosa hilo limetokana na muundo wa Kiswahili, ambamo zoea hufuatwa na kitenzi chenye ku-. Dawa yake inajulikana. Lisiloangaliwa sana ni safari ya upande wa pili, pale mfasiri anapokutana na kitenzi "accustom" akaridhika na zoeza, au anapokutana na zoea akaridhika na "be used to". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika safari zote mbili kuna mzigo unaoachwa njiani.

Katika Kiingereza, "accustom" ni tendo ambalo mtu humtendea mwingine au hujitendea mwenyewe. Ili kutaja hali ya aliyekwisha kuzoea, msemaji hulazimika kupita katika kauli ya kutendwa. Kiswahili kimeanzia penginepo. Shina zoea lenyewe ndilo lenye kutaja kuingia katika hali hiyo: "ninazoea" ni mtu aliye njiani, "nimezoea" ni aliyefika. Zoeza huja baadaye kwa mnyambuliko, na ikitiwa katika kauli ya kutendwa huleta swali: amezoezwa na nani? Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilifunguliwa mwaka 1963 na kikaacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Mkazi wa jirani asemaye "tulizoea harufu ya mafuta" hamshtaki mtu. Akisema "tulizoezwa harufu ya mafuta", papo hapo yupo mshtakiwa, ajapokuwa hakutajwa. Mfasiri anayegeuza kila "were accustomed to" kuwa "walizoezwa" huandika mashtaka ambayo mwandishi wa asili hakuyakusudia.

Inafaa pia kutenga zoea na kiambishi hu-, kwa kuwa vitabu vya sarufi huviweka vyote viwili chini ya anwani ya mazoea. "Jua huchomoza mashariki" ni sentensi isiyo na kasoro. "Jua limezoea kuchomoza mashariki" ni mzaha au ni ushairi. Hu- hutaja kurudiarudia tu. Zoea hudai kiumbe mwenye nafsi, ambaye hapo awali jambo lilikuwa geni au gumu kwake. Ndiyo maana "hajazoea" hubeba matumaini kwamba atazoea, na "amezoea kuchelewa" huuma kuliko "huchelewa": la pili ni taarifa, la kwanza ni lawama kwa mtu ambaye dhamiri yake imekwisha kunyamaza.

Kuhusu umbo, neno moja latosha. Mwisho wa -ea umewafanya baadhi ya wanafunzi walihusishe neno hili na zoa, kama katika kuzoa taka, lakini hakuna uhusiano wa maana unaoonekana. Kimvita husema zowea na mazowea, na Kichewa kina zolowera kwa maana hiyo hiyo. Mfanano huo unastahili kuchunguzwa kabla ya kusema kwamba w ya Mvita ni kiungo tu cha matamshi.

Utajiri wa kitenzi hiki huonekana zaidi yambwa yake inapokuwa mtu, na hapo Chaani ni mahali pema pa kusikiliza. Ni mtaa wa nyumba za vyumba vya kupanga, ambamo watu wa Mvita na Wamijikenda wamekaa ukuta kwa ukuta na Wataita, Wakamba, Waluhya na Wajaluo walioletwa na kazi za bandari, reli na viwanda. Ua ni mmoja, bomba ni moja, na heshima hupimwa kila siku. Katika ua kama huo, mama anayemlea mtoto wa jirani atasema kwa furaha, "Sasa amenizoea, halii tena." Mama huyo huyo, akiwa ndiye mwenye nyumba, atamwambia kijana aliyechelewesha kodi kisha akamjibu kwa utani: "Wewe mwanangu umenizowea!" Kitenzi ni kile kile, na -me- ni ile ile. Kilichobadilika ni daraja baina ya wawili hao. Mtoto mchanga hana daraja la kuvuka. Kijana analo, naye amelivuka. "Mpangaji amenizoea" yaweza kuwa sifa au shtaka, na sauti ndiyo huamua. Lakini "usinizoee" haina upole wowote: ni mpaka unaochorwa. Kauli ya kutendana nayo huufuta mpaka huo, kwani katika "tumezoeana" hakuna wa juu wala wa chini, na ndiyo maana mpangaji mjanja hujitetea kwa neno hilo hilo: "Mama, si tumezoeana?"

Tuseme basi kwamba ugomvi huo umefika mbele ya baraza ambalo kumbukumbu zake huandikwa kwa Kiingereza. Mkalimani akiandika kwamba mwenye nyumba alimwambia mpangaji "you are used to me", msomaji wa kumbukumbu hatajua kwa nini watu wawili waligombana kwa kauli tulivu namna ile. Malalamiko ya mama yatakuwa yamepotea, na pengine haki yake pia. Hapo hapahitajiki kitenzi kimoja cha Kiingereza bali maelezo mazima: kwamba mlalamikiwa alijipa uhuru asiopewa.

Kamusi zetu nazo zina sehemu yake katika tatizo hili. Haitoshi kukipa kidahizo zoea maana moja na kufuatisha minyambuliko yake. Yafaa maana ya kuzoea jambo itengwe na ya kumzoea mtu, na chini ya hii ya pili itajwe kwamba msemaji anapokuwa mkubwa wa msemewa, kauli huwa ni karipio. Na "usinizoee" iwekwe peke yake, kwa mfano wake.